Herufi R Mbele ya Wakwe

Nina cheti cha Stadi za Mawasiliano. Nakitaja mapema kwa sababu nimezoea kukitaja, na kwa sababu nisipokitaja hakuna anayenisikiliza akakihisi. Nilikipata kwenye masomo ya jioni. Miaka miwili nilikuwa natoka karakana Kizota na macho mekundu ya kuchomelea, vumbi la chuma limejaa masikioni, nakwenda kukaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yamelingana na kidevu. Mwalimu wetu alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba waliokaa nyuma walihitimu somo la mawasiliano bila kumsikia hata siku moja. Walifaulu wote. Mmoja alinizidi alama.

Tulifundishwa kwamba mawasiliano yana mtoaji, yana ujumbe, yana njia na yana mpokeaji. Kinachoharibu ujumbe njiani kinaitwa kelele, hata kama hakitoi sauti. Niliyaandika hayo kwa kalamu ya bluu na kuyapigia mstari kwa nyekundu. Lakini daftari zima, nimelirudia mara mia, halisemi popote kwamba mtoaji anaweza kuwa baba yako mdogo, mpokeaji akawa bibi mwenye sikio moja linalofanya kazi, na kelele ukawa wewe mwenyewe.

Mchana, pale karakana, maneno ni anasa. Grinda ikiwaka na mageti yakigongwa, mtu hawezi kusikia hata mawazo yake. Kelele za Kizota siku ya kazi zinaweza kuamsha maiti wa mikoa mitatu. Kwa hiyo mafundi tunaongea kwa nyusi. Mwenzangu akiinua nyusi moja, maana yake nimpe bomba la nusu inchi. Akiinua zote mbili, mteja mkorofi amefika, jifanye unapima. Miaka kumi hatujawahi kuelewana vibaya. Hilo sikulitilia maanani kabisa, maana nyusi hazina mtihani.

Ndipo alipokuja yule binti kuulizia dirisha. Alikuwa anafanya kazi masijala ya ofisi moja mjini, mahali ambapo watu hulipwa kwa kunyamaza na kutafuta mafaili. Alisema anataka dirisha la futi nne kwa tano, basi. Mimi nikamjibu kwa saa moja na nusu. Nilimweleza kutu inaanzia wapi, bawaba za zamani na za sasa zinatofautianaje, na kwa nini mafundi wengine wote wa Dodoma ni matapeli isipokuwa mmoja. Alisimama pale ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado kidogo."

"Basi utamalizia kesho. Nitakuja."

Na kweli kesho yake akaja. Kama huo haukuwa upendo, basi mimi sijui hata chuma.

Tukaendelea hivyo miaka miwili, mimi nikiongea na yeye akija, mpaka ikawa lazima watu wetu waende kwao Mlali kuposa. Hapo alinikalisha chini, akasema maneno mengi kuliko yote aliyokuwa amesema tangu siku ya dirisha.

"Nisikilize. Kwetu wanapokea wageni mara moja. Dada yangu alikataliwa mchumba kwa sababu msemaji wao alimsalimia bibi mwishoni badala ya mwanzo. Hawakurudi tena, na wangerudi wasingepokelewa. Baba akisema hapana, imekwisha, na mimi siwezi kuolewa kwa kutoroka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Atakayekusemea ni nani?"

"Baba mdogo."

"Vizuri. Mwache aongee Kigogo chake, aseme maneno yake mwenyewe. Wewe kaa kimya."

Nikacheka kwa upole, kicheko cha msomi.

Hapa lazima nieleze baba mdogo ni nani. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mtoto, na ndugu yake huyu ndiye aliyenilea, kwanza kijijini kwetu upande wa Bahi, halafu akanipeleka mjini kwa shangazi ili nisome. Analima uwele na kufuga mbuzi. Kwa Kigogo, hana mpinzani. Watu wakigombana, wanamsubiri yeye amalize kula ndipo waendelee kugombana, ili wasikose atakachosema. Nimewahi kuona mbuzi wakiacha majani kumsikiliza, na hilo sijaliongezea chumvi hata punje. Lakini kwa Kiswahili anatembea kama mtu aliye pekupeku juu ya bati saa saba mchana. Anachagua pa kukanyaga, na anatamani kushuka.

Mimi nilihama kijijini mapema, kwa hiyo Kigogo changu ni cha kusalimiwa na cha kugombezwa. Katikati hapo sina kitu. Sikutaka kukaa mbele ya wakwe nikisemewa kwa lugha ambayo ningeelewa mwanzo wake na matusi yake tu. Sababu hiyo sikumwambia mtu. Baba mdogo nilimwambia nyingine: "Baba, hawa wana binti anafanya kazi ofisini. Lazima tuonekane wasomi." Nikampa hotuba niliyomwandikia, ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili sanifu kilichonyooshwa kwa pasi.

Mazoezi tulifanyia kwangu, Ipagala, chumba kizima kikinukia chai ya tangawizi.

"Waheshimiwa wazazi, walezi na wadau wote," akasoma baba mdogo. Akanyanyua macho. "Wadau ndio akina nani?"

"Ni wahusika, baba. Soma tu."

"Mwanangu, kwa nini nisiseme mbukwenyi, wakaitikia, tukaendelea kama watu?"

"Hiyo salamu ni nzuri, baba, lakini haina uzito."

Alinitazama muda mrefu. Mbukwenyi ndiyo salamu aliyosalimia nayo maisha yake yote, na ndiyo aliyosalimiwa nayo na baba yake. Nilikuwa nimeipima na kuiona nyepesi. Akarudi kwenye karatasi.

Tatizo lilikuwa herufi R. Ulimi wa baba mdogo hauna R. Haijawahi kufika kijijini kwake. Harusi kwake ni halusi, barua ni balua, na kwa miaka sitini na zaidi hakuna aliyekosa kwenda halusini wala kuipokea balua yake kwa sababu hiyo. Lakini mimi nikasema haiwezekani, nikamfundisha.

"Sema ra, re, ri, ro, ru."

"La, le, li, lo, lu."

"Ulimi utetemeke, baba."

"Ukitetemeka ujue nina homa."

Shangazi, aliyekuwa anamenya karanga kwenye ungo, akaniambia nimwache mzee wa watu. Nikamjibu kwa nadharia ya mpokeaji. Akaendelea kumenya karanga.

Siku yenyewe tukapanda gari dogo la kukodi, sisi watatu pamoja na kreti za soda na kanga za wakwe. Nilivaa shati la bluu lililopigwa pasi mpaka likawa linaweza kusimama peke yake. Njiani shangazi alinieleza kazi yake ya siku hiyo. Kwetu na kwao, mwoaji haongei katika posa yake. Anapelekwa, anakalishwa, anatazamwa kama godoro dukani, na wengine wanamsemea. "Ukifungua mdomo," shangazi akasema, "nakufinya." Nilimhakikishia kwamba mtu aliyesomea mawasiliano anajua pia thamani ya ukimya. Tulisoma sura nzima kuhusu hilo.

Mlali walitupokea vizuri. Sebule ilijaa watu, lakini wa kuwajua ni watatu. Baba yake binti alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono juu ya magoti, na alinyamaza kama ukuta. Baba mkubwa wa binti ndiye alikuwa msemaji wao, mzee mfupi mwenye macho ya kuhoji. Na bibi alikaa kwenye kigoda, fimbo mapajani, sikio lake zima akilielekeza kwetu kama tarumbeta. Binti mwenyewe alikuwa jikoni na akina mama, upande wa pili wa pazia.

Bibi ndiye aliyeanza. "Mbukwa," akamwambia baba mdogo.

Baba mdogo akafungua mdomo ajibu, kisha akanikumbuka. Akaniangalia, akaiangalia karatasi, akaona hapo juu kabisa nilipoandika kwa herufi kubwa.

"Salamu za dhati, mama," akasoma.

Bibi akamgeukia baba mkubwa. "Wanasema nini hawa? Si uliniambia ni watu wa Bahi?"

"Ni wa Bahi, mama," baba mkubwa akajibu kwa sauti ya kumfikia. "Wanasalimia kitaalamu."

Pale mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilifurahi kwamba ule utaalamu umeonekana.

Baba mdogo akaendelea. Wadau wakapita, ingawa baba mkubwa aliuliza kama ni watu wa mradi wa visima. Kaya adhimu ikapita. Bashasha tele ikapita, kwa shida. Jasho lilikuwa linamtoka mzee wangu, linashuka mpaka kwenye kola, na kila alipofika kwenye R aliichukua kwa mbali kama mtu anayeruka mfereji, akatua kwenye L ileile. Halafu akafika kwenye sentensi niliyoipenda kuliko zote, niliyoibadilisha mara nne. Niliandika: Leo tumewaletea fahari ya ukoo wetu, tunaomba muipokee.

Baba mdogo akavuta pumzi, akanyoosha mgongo.

"Leo tumewaletea fahali ya ukoo wetu. Tunaomba muipokee."

Sebule ikachangamka. Watu wakajiweka sawa kwenye viti, wawili watatu wakatabasamu kwa mara ya kwanza. Na ukifikiri vizuri, huwezi kuwalaumu. Fahari ni neno la magazetini na la siku za mahafali. Mlali nzima hakuna mtu anayeamka asubuhi akalihitaji. Lakini fahali kila mtu anamjua, anamwona, anamkwepa njiani, na katika posa ana nafasi yake ya heshima. Hata kabla ya mazungumzo kuanza, watu wa Bahi wamekuja na dume zima la ng'ombe! Hao ndio wakwe.

"Wameleta nini?" bibi akauliza.

"Fahali, mama!"

"Nini?"

"FAHALI!"

Hiyo ya pili waliisikia mpaka majirani. Najua waliisikia, kwa sababu jirani mmoja alifika mlangoni na kamba, akauliza afungwe wapi.

Mimi nilikuwa nimeelewa. Nilikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyeelewa kila kitu, na ndiye pekee asiyeruhusiwa kusema. Nikamtazama shangazi. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya mkono wangu.

Baba mkubwa alichungulia dirishani, akaliona gari dogo na kreti za soda. Akatafuta maneno ya adabu. "Ndugu zetu, tumefulahi sana. Sasa, yuko wapi?"

Baba mdogo alifurahi kuulizwa swali lisilokuwepo kwenye karatasi. Alilijibu kwa moyo wote, akanishika bega.

"Si huyu hapa."

"Huyu?"

"Huyu. Tumemlea wenyewe tangu mdogo."

"Huyu kijana ndiye fahali?"

"Fahali ya ukoo mzima," akasema baba mdogo, macho yakimng'aa. "Hakuna mwingine kama huyu kwetu."

Jamani. Kumbuka tuko mbele ya mama zake, mbele ya bibi yake, tumekuja kuomba mtoto wa watu, na mzee mwenye mvi ananisifu kwamba mimi ndiye dume la ukoo, tena halina mfano. Nyuma ya pazia nikasikia sufuria ikianguka, halafu kicheko cha akina mama kikizibwa kwa kanga. Huku mbele hakuna aliyecheka. Yule jirani akaishusha kamba taratibu, akaificha nyuma ya mgongo. Baba yake binti, ule ukuta, aligeuza kichwa kidogo akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele, na nikatamani shati langu lisimame peke yake kweli, mimi nitoke ndani yake niende zangu.

Baba mkubwa akasimama. "Wageni, mmekuja kuposa au mmekuja kututukana?"

Baba mdogo alibaki na mkono begani mwangu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Alisoma kilichoandikwa, neno kwa neno, alivyofundishwa. Hakuelewa kosa liko wapi.

Ndipo nikasimama. Shangazi alinifinya mpaka leo nina alama, ukinikuta Kizota nitakuonyesha. Sikusikia maumivu. Miaka miwili ya masomo ya jioni ilikuwa imekusanyika kooni.

"Wazee wangu, samahani," nikasema. "Hiki kilichotokea kitaalamu kinaitwa kelele katika mawasiliano. Mtoaji alikusudia fahari, yenye R, yaani jambo la kujivunia. Mpokeaji akapokea fahali, yenye L, yaani ng'ombe dume. Lakini mngesikiliza ngeli mngegundua! Alisema fahali ya ukoo. Angekuwa ng'ombe ingekuwa fahali wa ukoo. Ni suala la ngeli tu. Na kosa si lake, ni matatizo ya kawaida ya matamshi kwa watu wa vijijini, hawawezi kutofautisha R na L."

Nikakaa. Niliridhika nayo. Ilikuwa hotuba fupi, ina utangulizi, ina kiini, ina hitimisho.

Taratibu sana, kama maji yanavyopenya kwenye kiatu, ikaniingia kwamba katika sebule ile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kutamka R katika mazungumzo yake ya kawaida. Nilikuwa nimewatukana wote kwa sentensi moja, tena yenye kiima na kiarifu. Na wa kwanza kumtukana alikuwa mzee aliyenibeba mgongoni nilipougua surua.

"Kumbe anaongea," akasema baba mkubwa.

"Anaongea," shangazi akajibu kwa huzuni.

"Kwetu mwoaji haongei. Nani amemfungulia?"

Baba mdogo akatoa mkono wake begani mwangu. Hakunitazama. Aliikunja ile karatasi mara mbili, akaikunja mara ya tatu, akaiweka kwenye kiganja changu.

"Shika kalatasi yako," akasema.

Samahani nilimwomba wiki tatu baadaye, kwa Kigogo kibovu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisahihisha matamshi. Lakini siku ile hakusubiri samahani. Aligeukia kigoda, akainama mbele ya bibi mpaka kichwa chake kikawa chini ya kichwa cha bibi, na akamsalimia upya, ile salamu nyepesi isiyo na uzito. Bibi akaitikia. Wakaulizana. Hali, mvua, mashamba, mifugo, wagonjwa, waliokufa. Ilichukua muda mrefu kuliko hotuba yangu yote, na kadiri ilivyoendelea, mabega ya watu yalikuwa yanashuka. Baba mkubwa akakaa. Hata yule jirani akatafuta pa kuegemea.

Kisha baba mdogo akaanza kusema, kwa Kigogo, kwa sauti ile ninayoijua tangu utotoni. Nilielewa salamu. Nilielewa neno mtoto. Nililisikia jina la marehemu baba yangu, mara mbili, na mara ya pili sauti ilishuka na bibi akasema neno dogo la pole. Vingine vyote vilinipita juu ya kichwa kama ndege. Mahali fulani alinyoosha kidole kwenye karatasi iliyokuwa mkononi mwangu, akanyoosha kwangu, akanyoosha kwenye mdomo wake mwenyewe, na sebule nzima ikaangua kicheko. Hicho nilikielewa bila mkalimani.

Niliwahi kumwomba anitafsirie alichosema. Alisema hakitafsiriki. Shangazi naye alikuwepo na alielewa kila neno, lakini nikimuuliza anacheka peke yake halafu anageuza mazungumzo, anaomba chumvi.

Kicheko kilipotulia, baba mkubwa akajifuta macho, lakini hakuachia. Kazi yake ilikuwa kutoachia. Akasema kwamba maneno ya mgeni yamekuwa matamu, hata hivyo neno lililotangulia lilikwishasemwa mbele za watu na majirani wakalisikia, kwa hiyo kuna mtu mmoja tu wa kulimaliza. Akaita jikoni.

Binti akatoka, kanga begani, mikono bado ina unga. Kwa desturi anaulizwa kama anawafahamu wageni. Akisema hawafahamu, wageni wanaondoka na soda zao, bila hata kunawishwa mikono. Alitupita wote kwa macho, shangazi, baba mdogo, halafu mimi, na kwangu hakuongeza hata sekunde. Nilijaribu kumwinulia nyusi. Hakuwa fundi, hakuelewa.

"Mwanangu," akasema baba mkubwa, na alisema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi niumie ipasavyo. "Wageni hawa wanasema wametuletea fahali. Unamfahamu?"

Nikakumbuka aliyoniambia: mara moja, na imekwisha.

"Namfahamu, baba mkubwa."

"Ni yupi?"

"Yule wa shati la bluu."

"Na ni fahali kweli?"

"Hana pembe, baba mkubwa," akasema bila kucheka. "Ana cheti."

"Ana nini?" akauliza bibi.

"CHETI, mama!"

"Cha kichaa?"

"Cha kuongea!"

Bibi akanigeuzia sikio lake zima, kana kwamba angeweza kunisikia nikiwa nimenyamaza. "Kumbe kuongea nako kuna cheti," akasema. "Na alifaulu?"

Hapo hata pazia lilicheka. Jirani alicheka mpaka akaiangusha kamba. Baba mdogo alijipiga paja, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu anirudishie karatasi. Mimi nilicheka pia, kwa sababu njia nyingine ilikuwa kulia.

Baba mkubwa akanyoosha mkono, kukawa kimya tena.

"Haya. Tumecheka. Sasa nakuuliza si kwa mchezo. Tumpokee?"

Binti alifuta unga kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Mpokeeni," akasema. "Anaongea sana, na mengi anayaongezea. Ila mimi hajawahi kunidanganya."

Akarudi jikoni.

Macho yote yakahamia kwenye kiti cha karibu na mlango. Baba yake hakuwa ametoa neno tangu tufike. Hakutikisa kichwa, hakunitazama. Alikaa, akafikiri, akakohoa. Nilisogea mpaka ukingoni mwa kiti ili ndiyo yake isinipite, au hapana yake.

"Leteni maji," akasema.

Basi. Nikasubiri sentensi iendelee. Haikuendelea. Wanawake wakaanza kupita na masufuria, ugali wa uwele, mlenda, kuku mzima kwenye sinia, na watu wakaanza kuongea kwa sauti kuhusu mvua kana kwamba hakuna jambo lililokuwa linangojwa. Shangazi alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikaona ananionea huruma kwa jinsi nilivyokataliwa.

Nikamwinamia baba mdogo. "Baba, amesemaje?"

"Amesema walete maji."

"Nimesikia. Lakini amekubali au amekataa?"

Baba mdogo alikuwa tayari anakunja mikono ya shati.

"Hajajibu, baba. Tumuulize?"

"Mwanangu," akasema, kwa Kiswahili, polepole, kila neno akiliweka chini kwa uangalifu ili lisivunjike. "Nawa mikono."

Nikageuka. Kwenye ubavu wangu beseni lilikuwa limekwishafika, na aliyeshika jagi alikuwa binti mwenyewe. Nikanyoosha mikono, akamimina.